Mzee Ryoba Hakupepesa Jicho

Kama ndiyo kwanza unaanza kumfuatilia Gati, pole, maana huyu mwanamke mikosi inamjua kwa jina. Alikuwa na saluni yake Kewanja na mume mchimba dhahabu, Malimi, Msukuma mmoja mpole sana. Shimo likamfukia Malimi. Ndugu wa mume wakaja na gari, wakabeba kila kitu mpaka kioo cha saluni, na Gati akarudi kwao Busawe na watoto wawili na kapu la rangi za kucha.

Kaka yake, Heche, alimpokea kwa kumwambia kwamba mji huu si kituo cha wajane. Baba yao ndiye aliyemnyamazisha.

"Huyu ni mtoto wangu," alisema Mzee Ryoba. "Atakaa mpaka achoke mwenyewe."

Basi tuelewane hapo. Duniani Gati alibakiwa na mtu mmoja wa kumtetea, na mtu huyo alikuwa mzee mwenye ugonjwa wa sukari.

Wiki iliyopita tuliwaacha uani. Kesho yake ng'ombe wa mahari ya Neema, mdogo wao wa mwisho, walikuwa wanaingia, na mzee akanyoosha miguu mbele ya Gati na kusema maneno yaliyowavunja watu mbavu: "Zile kazi zako za mjini, hebu nifanyie na mimi."

"Wewe, baba?"

"Kwani mimi sina kucha? Kesho wakwe watakaa hapa, wataniangalia kuanzia kichwani mpaka chini. Sitaki nipokee ng'ombe na gaga hili."

Na gaga lilikuwepo, acha tu. Mzee alikuwa amevaa katambuga za tairi tangu ujana, akitembea nyuma ya mifugo juani na kwenye umande. Visigino vilikuwa vimekauka na kupasuka, ungeweza kuficha punje ya mtama ndani ya mpasuko mmoja na usiione tena.

Gati akafurahi, masikini. Tangu arudi nyumbani alikuwa anakula ugali wa baba yake bila kuwa na cha kumlipa. Leo amepata.

Tabitha, mke wa pili wa mzee na mama yake Neema, akaleta sufuria ya maji kutoka jikoni. Gati akayachanganya kwenye beseni, na mzee akatumbukiza miguu.

"Yana moto, baba?"

"Haya? Haya ni ya baridi. Ongeza."

Akaongeza. Mvuke ukaanza kupanda.

"Sasa je?"

"Ongeza, bwana! Mimi si mtoto mchanga."

Hapa ndipo ninapotamani kumshika Gati mkono, jamani. Lakini mimi ni msimuliaji tu, sikuwepo. Na yeye alikuwa anafanya kama alivyofundishwa. Saluni, mteja ndiye anayesema. Maji yakimchoma anaruka, wembe ukizidi anavuta mguu, na fundi anaufuata mguu wa mteja. Gati alifanya kazi hivyo miaka yote na hakuna mteja aliyewahi kumlalamikia.

Mguu huu haukuruka.

Mzee Wiliam, rika lake Ryoba, aliyetahiriwa naye asubuhi moja, alikuwa amekaa pembeni na kibuyu chake cha uji. Alipoona ule mvuke, na mwenzake ametulia kama yuko kanisani, akapiga goti lake kwa kiganja.

"Mura, dume la Kikurya! Mnamwona huyu? Siku ile mbele ya kisu alisimama hivi hivi. Hakupepesa jicho! Vijana wa siku hizi wanachomwa sindano tu wanalia."

Watu wakapiga vigelegele. Mzee Ryoba akatabasamu, akanyoosha mgongo.

Gati akachukua wembe. Gaga likaanza kudondoka vipande vipande kama maganda ya muhogo, na chini yake ngozi laini ikatokea. Akaingia kwenye pembe za kucha, akachokoa. Akarudi kisigino cha kulia. Wembe ukazama kupita gaga.

"Uwii, baba! Nimekukata!"

"Wapi?" akauliza mzee.

Uwanja mzima ukacheka. Waliona anatania. Hata Gati alicheka, huku damu ikichuruzika kwenye beseni. Akamwagia spiriti, ile inayomfanya mwanaume mzima amwite mama yake, na wakati huo mzee alikuwa anamuuliza Wiliam habari za mvua za upande wa Mugumu.

"Simba huyu," akasema Wiliam. "Simba kabisa."

Gati akamaliza kwa kumpaka mafuta, miguu yote, mpaka katikati ya vidole. Alilala na furaha ambayo hakuwa nayo tangu Malimi afariki.

Ng'ombe wakaja. Heche naye hakutaka kupitwa, akamletea baba yake viatu vya ngozi kutoka Sirari, vyeusi, vyenye ncha mbele.

"Vinakubana, baba?"

"Havina neno."

Akashinda navyo. Akawazunguka ng'ombe mmoja mmoja, fimbo mkononi, akiwakagua. Mtamba mmoja alikuwa nyuma ya wenzake, na mzee akamwona kutoka mbali.

"Yule ana ubovu kwenye kwato. Anachechemea. Warudi naye, walete mwingine."

Wakwe wakaenda kumwangalia, wakakuta kweli, jiwe limempasua. Sifa tena! Jicho la mzee huyu, mnaliona? Kwato ya ng'ombe wa watu aliiona. Ya kwake ilikuwa ndani ya kiatu kipya na hakuna aliyeitazama.

Sherehe ikaisha, watu wakatawanyika. Mzee akaanza kuvaa soksi mchana na usiku. Akiulizwa, anasema ni baridi. Akaanza kuacha chakula. Akawa anatetemeka juani.

Tabitha ndiye aliyesikia harufu.

"Kuna panya amefia humu ndani?" akauliza, akainua magodoro, akafagia uvunguni. Hakuna panya. Akasogea karibu na kitanda, akanusa. Halafu akamwita Gati.

Walipoivuta ile soksi ya kulia, ilitoka na ngozi. Kidole kikubwa kilikuwa cheusi. Wekundu wa ajabu ulikuwa umepanda mpaka juu ya kifundo. Na kwenye kisigino kulikuwa na shimo lenye usaha, mahali ambapo Gati hakuhitaji kuonyeshwa. Pale pale. Wembe wake ulipopita.

Alitaka kusema.

Na Heche akaingia.

"Nani alifagia lango la zizi siku ya mahari?" ndilo swali lake la kwanza.

"Mimi," akajibu Tabitha. "Si kila siku nafagia mimi?"

"Baba alipita pale kwenda kuwaona ng'ombe. Amekanyaga kitu. Ametegewa uchawi!"

"Heche, mimi? Siku ya mwanangu mwenyewe?"

"Ulitaka ng'ombe wabaki kwako, mzee akiondoka. Tunakujua. Kesho asubuhi uwe umetoka kwenye mji huu. Mimi naenda kumtafuta mtu wa kumtibu baba, na nikirudi nisikukute."

Gati alikuwa amesimama pale pale, na ile soksi mkononi.

Unamwona? Akisema ukweli, ni yeye atakayefukuzwa, na wanawe, na safari hii hana kwao kwingine. Akinyamaza, anaondoka Tabitha, mwanamke aliyempokea kwa uji wa moto siku aliyorudi na kapu lake, asimuulize hata swali moja. Na baba yake anapelekewa mganga wa kumchanja chale wakati mguu unaoza.

Alinyamaza. Nisimpambe. Siku ile Gati alinyamaza, na alijichukia.

Asubuhi Tabitha akatoka na furushi lake limefungwa kwa kitenge. Neema alikuwa anamng'ang'ania kiunoni akilia kama mtoto. Tabitha hakulia. Alipofika alipokuwa Gati, akasimama.

"Gati, mwanangu. Uji wa baba yako usimtilie sukari. Heche huwa anasahau. Na dawa zake ziko juu ya kabati, nyuma ya birika."

Ndiyo maneno aliyoyaacha. Hakumlaani mtu.

Gati akajikuta amepiga magoti katikati ya uwanja.

"Mama mdogo, usiende! Ni mimi! Ni mimi niliyemkata baba! Hakuna uchawi, ni wembe wangu! Na yale maji yalikuwa ya moto, nilimuunguza, nilimuunguza baba yangu na nilikuwa nacheka!"

Heche alikuwa anafunga kamba ya pikipiki. Akaiacha. Akaja na fimbo.

"Unasema nini wewe?"

"Nipige, kaka. Lakini baba aende hospitali."

"Umemuua baba! Umemuua mume, sasa umekuja kumuua baba!"

Fimbo ilikuwa imeshapanda juu.

"Heche."

Sauti ilitoka mlangoni. Mzee Ryoba alikuwa amejishikilia kwenye mwimo wa mlango, mguu mmoja mtupu, unanuka, nzi wanaufuata. Mzee Wiliam, aliyekuja kumjulia hali, alikuwa amemshika kwapani.

"Shusha hiyo fimbo. Kama kuna wa kupigwa hapa, ni mimi."

"Baba, huyu amekiri mwenyewe..."

"Nimesikia. Masikio bado yanafanya kazi. Miguu ndiyo ilikufa zamani."

Hakuna aliyeelewa. Mzee akateremka taratibu, akakaa kizingitini.

"Kliniki ya sukari waliniambia. Sista alinichoma na kijiti kwenye nyayo, akasema nifumbe macho nimwambie anachoma wapi. Sikujua. Akaniambia, mzee, miguu yako ina ganzi, usiruhusu wembe, usiruhusu maji ya moto, uwe unaikagua kila siku. Nilirudi nyumbani nikanyamaza. Na kliniki sikurudi tena."

"Kwa nini, baba?" akauliza Gati, na kamasi zinamtoka.

"Nimwambie nani? Mwanaume wa Kikurya aseme hasikii miguu yake? Nikaona aibu." Akamtazama Wiliam. "Halafu huyu akasema sikupepesa jicho. Mkapiga vigelegele. Nilifurahi, Gati. Nilifurahi kama kijana. Muda mrefu hakuna aliyenisifia kitu."

Wiliam akainamisha kichwa.

"Na yale maji," mzee akaendelea, sauti imeshuka, "nilikuambia ongeza, nikadhani labda yakizidi nitayasikia. Nilikuwa nayatafuta, mwanangu. Sikuyapata."

Gati akalia kilio cha kuvunja moyo. Tabitha akaweka furushi chini, akaenda ndani kutafuta koti la mzee. Heche akabaki na fimbo yake, hajui aiweke wapi.

Wakampeleka Mugumu na gari la jirani.

Sista Jenipha, yule yule wa kijiti, alimtambua mzee kabla hajashuka.

"Shikamoo, Mzee Ryoba. Nilikutafuta sana kliniki."

"Marahaba, binti. Nimekuja sasa."

Alipofunua ule mguu akautazama pande zote. Kisha akauliza, bila ukali, na ndiyo maana iliuma zaidi: "Nani aliparua hapa?"

"Mimi," akasema Gati. "Nilidhani ni jasiri."

"Wengi wanadhani hivyo. Mguu wa mwenye sukari ukifa ganzi haukwambii kitu, dada. Na hiki kidole cheusi? Hiki si wembe. Hiki kimebanwa. Alivaa viatu gani?"

Ndani ya chumba kile watu wote wakamwangalia Heche. Heche akaangalia dirisha. Alitoka nje, na Gati alimwona kupitia kwenye kioo akiwa amechuchumaa ukutani, mikono kichwani, yule kaka ambaye hajawahi kumwona akilia.

Daktari akaja, akabonyeza, akatazama picha za mifupa.

"Mzee, sitakuficha. Sumu inapanda. Tukikata chini ya goti leo, una nafasi. Tukisubiri, siwezi kukuahidi kitu."

"Mguu wa baba haukatwi!" akasema Heche, amerudi mlangoni, macho mekundu. "Atazikwaje bila mguu?"

"Mguu ni wa nani?" akauliza Mzee Ryoba.

Kisha akamgeukia daktari.

"Ukateni. Wenyewe ulishakufa. Mimi bado."

Akasema hivyo, jamani, kwa utulivu ule ule wa kwenye beseni. Lakini safari hii Gati alikuwa amemshika mkono, na mkono wa mzee ulikuwa umevibana vidole vyake. Mkono ulikuwa unasikia kila kitu.

Wakati wanaandaa chumba, mzee akamwita.

"Gati. Ule unaobaki, wa kushoto, una vumbi la nyumbani. Nioshe."

"Baba, hapana. Kwa mikono hii?"

"Hiyo hiyo. Nikitoka huko ndio nitakaokuwa nao peke yake. Nani ataniangalizia kama si wewe?"

Gati akamgeukia Sista Jenipha, akitarajia atakataa. Sista akavuta beseni kutoka chini ya meza.

"Mimi nitasimama hapa," akasema. "Maji ya uvuguvugu. Usimuulize yeye kama yana moto."

"Nimuulize nani?"

"Kiwiko chako."

Gati akatumbukiza kiwiko kwenye maji. Akapunguza ya moto, akajaribu tena. Alipoona yamekuwa ya uvuguvugu, akauchukua mguu wa baba yake kwa mikono miwili kama mtu anavyomchukua mtoto mchanga, akauweka ndani.

"Usiuloweke," akasema Sista. "Osha, toa. Jiwe la kusugulia si leo, na wembe si siku yoyote. Kausha mpaka katikati ya vidole. Hapo katikati usipake mafuta."

"Siku ile nilipaka."

"Sasa umejua. Halafu geuza, uangalie chini. Kila siku uangalie. Macho yako ndiyo yatakayosikia kwa niaba yake."

Mzee Ryoba alikuwa amefumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, uso wake ulikuwa umelegea.

"Gati," akasema.

"Naam, baba."

"Mama yako mdogo arudi kwenye nyumba yake. Na wewe huondoki. Nimeshamwambia Heche."

Gati akautoa mguu kwenye maji. Akachukua kitambaa, akafuta. Kidole kwa kidole. Tangu wafike, macho ya watu wote yalikuwa kwenye mguu wa kulia, ule unaonuka. Huu wa kushoto ulikuwa mzima, ulikuwa mguu wa kumrudisha mzee nyumbani. Akafuta na kisigino, kisha akaugeuza kama alivyoambiwa.

Chini ya kidole kidogo, kwenye gaga ambalo wembe wake haukulifikia, kulikuwa na kitu cheusi, kidogo tu. Alidhani ni uchafu. Akagusa kwa kitambaa. Hakikutoka. Akabonyeza pembeni, na ngozi ikabonyea, laini, na tone la maji yenye rangi ya njano likatoka.

Kichwa cha mwiba. Mwiba wa mgunga, umezama wote.

Akamtazama Sista Jenipha. Sista alikuwa ameshauona. Uso wake ulikuwa umebadilika.

Huko nje kwenye korido kitanda cha magurudumu kilikuwa kinakuja kumchukua mzee.

"Baba," akasema Gati, akijitahidi sauti isivunjike. "Huu mwiba umekuchoma lini?"

Mzee Ryoba akafumbua macho, akainua kichwa kutoka kwenye mto, akamtazama bintiye kwa mshangao wa kweli.

"Mwiba gani?"